Ondoa Miguu, Mkwe

Mimi nafoka. Nasema mapema, ili mtu asije akafika huko mbele akaniona mpole akadhani ndivyo nilivyoumbwa. Kazi yangu ni kufundisha watu kurusha ndege ndogo, zile za viti viwili, mwanafunzi kushoto na mwalimu kulia, kila mtu na usukani wake mikononi na pedali zake miguuni. Pedali zenyewe zimeungana. Akikanyaga yeye, na zangu zinakwenda. Mwanafunzi akikosea, nafoka. Akirudia, nafoka mpaka fundi wa injini anatoa kichwa nje ya banda kuangalia kuna nini. Wanafunzi wameniita Honi na wanadhani sijui. Waite tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniangushia ndege.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mama mkwe wake amfundishe kuruka.

Na kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Mama mkwe ni fundi cherehani, wa ile mashine ya kukanyaga kwa miguu, na ameikanyaga tangu mke wangu hajazaliwa. Siku moja soksi ya upepo pale uwanjani, yaani ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti kutuonyesha upepo unatoka wapi, ilichanika vipande viwili. Nikampelekea ashone mpya. Akaileta mwenyewe, akasimama chini ya mlingoti akiitazama ikijaa upepo, kisha akageuka kutazama ndege iliyokuwa ikitua.

"Mkwe, hicho kinabeba mtu wa umri wangu?"

"Mama, hata wawili," nikasema, nikacheka.

Utani wangu uliniponza. Wiki iliyofuata alikuwa ameshapimwa na daktari, amefunga duka, amejishonea suruali ya kurukia yenye mifuko mpaka magotini. Mke wangu alinikalisha chini sebuleni. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza, na akiamua kuzungumza na mtu huzungumza polepole.

"Mama yangu umfundishe vizuri," akasema. "Na nikisikia umemfokea, utahamia huko huko uwanjani ukalale na ndege zako."

Hebu niambieni, mngefanyaje? Huyu ni mtu ninayemwamkia shikamoo kila nikimwona, aliyenipa mke, ambaye mbele yake hata miguu siwezi kukunja nne. Basi nikawa asali. Kwa wengine nasema, "Shusha pua, unataka kutuua?" Kwa mama mkwe nikawa nasema, "Mama, naomba tushushe pua kidogo, kama hutojali." Fundi wa injini alinisikia kwenye redio siku ya kwanza, na tulipotua akaja kuniuliza kama naumwa.

Lakini alikuwa mwanafunzi mzuri, hilo nalisema bila kumpamba. Mkono wake ni mwepesi. Aliushika usukani kwa vidole vitatu, na ndege ikatulia. Kuruka alijua upesi, kwenda sawa alijua upesi, hata redio aliizoea, ingawa alikuwa akiwaamkia watu wa mnara wa kuongozea ndege kwanza kabla ya kusema shida yake. Siku moja tukinywa chai kwenye benchi nje ya banda nikamuuliza, mama, kwa nini hasa unataka kuruka?

"Mimi sijawahi kuwa peke yangu," akasema. "Kwetu tulizaliwa tisa kwenye vyumba viwili. Nikaolewa, nikazaa. Dukani, wateja. Hata msibani kwa mume wangu kulikuwa na watu mpaka jikoni. Nataka niwe mahali peke yangu, dakika kumi tu, asiwepo wa kuniita. Nipite juu ya paa langu nilitazame, halafu nirudi."

Nikamwambia atapata. Nilisema kwa moyo wangu wote, na tangu siku hiyo nilitaka azipate hizo dakika kumi kuliko alivyotaka yeye. Tukapanga Jumamosi moja, wiki kadhaa mbele, ndiyo siku ya kuruka peke yake. Habari zikaenea. Dada zake wote wakasema wanakuja.

Sasa nieleze jambo moja, na nitalieleza mara moja tu, kwa hiyo sikilizeni. Watu wengi wanadhani ndege ndogo zinaanguka kwa sababu injini imezimika. Si hivyo. Bawa hubeba ndege kwa sababu upepo unapita juu yake vizuri. Ukiinua pua kupita kiasi huku mwendo ni mdogo, upepo unashindwa kulifuata bawa, na bawa linaachia. Injini inanguruma vilevile, lakini hubebwi tena na kitu. Na bawa moja likiachia kabla ya lenzake, ndege inajipindua upande huo na kushuka ikizunguka. Ukiwa juu sana, una nafasi ya kuitoa. Ukiwa chini, huna.

Na chini ndipo watu wanapokosea, kwenye kona ya mwisho, pale unapogeuka kuuelekea uwanja utue. Upepo umekusukuma, umechelewa kugeuka, uwanja umeshakupita. Unaogopa kuilaza ndege zaidi, basi unakandamiza pedali ili pua ije haraka. Pua inakuja, lakini inashuka. Unaivuta juu. Hapo umejimaliza mwenyewe, na chini unaona mpaka kuku wa watu. Mbele ya rubani kuna kijichupa cha kioo kilicholala, ndani kuna kipira cheusi. Kikikaa katikati, ndege inageuka sawasawa. Kikikimbilia pembeni, ndege inaburuzwa kombo, na mguu wako ndio mwenye kosa.

Mama mkwe mguu wake wa kushoto ulikuwa na haraka. Miaka yote ile dukani, mteja akisimama mlangoni na nguo haijaisha, ni mguu ndio uliokuwa ukiharakisha. Akiona amechelewa, unakandamiza wenyewe, hana habari nao. Na kila tukifika kona ya mwisho, nikauhisi ukikandamiza. Mwanafunzi mwingine ningemfokea mpaka auogope huo mguu. Kwake yeye nilinyoosha wangu wa kulia, taratibu, nikazuia. Kipira kikarudi katikati. Tukatua vizuri, nikamwambia hongera mama, naye akaona raha. Nilijiambia namsaidia kidogo tu, atazoea.

Kisha nikateleza bafuni. Sabuni, hamna jingine. Kifundo cha mguu wa kulia kikavimba, si sana, lakini nikikikaza kinauma. Nikaona si kitu, mwanafunzi ndiye anayerusha, mimi nitakaa tu. Nikauweka mguu sakafuni mbali na pedali, tukaruka.

Kona ya mwisho, upepo uko nyuma yetu unatusukuma. Uwanja ukatupita kidogo. Nikaona pua inakuja kushoto upesi kuliko inavyotakiwa, nikatazama kipira, kimekwenda kujibanza kabisa pembeni. Honi ya onyo ikaanza kulia, ile inayokwambia bawa liko karibu kuachia. Mama mkwe ametulia tuli, anatazama uwanja wake, anavuta.

"Naichukua mimi, mama," nikasema. Nikashusha pua, nikanyoosha mabawa, nikaongeza nguvu ya injini, tukapanda.

"Leo uwanja umenikimbia," akasema.

"Upepo tu, mama."

Upepo tu! Mimi, Honi, ndiye niliyesema hivyo. Tulipozunguka tena nikatua mwenyewe, kisha nikasingizia kifundo ili tuishie hapo.

Jioni mezani mke wangu alikuwa na furaha ya watu watatu. Alikuwa amepiga pasi shati la mama yake la Jumamosi na kulitundika mlangoni, jeupe, na kamba za mabegani, zile za marubani, alizishona mama mwenyewe. Mama wadogo wanakuja na chupa zao za chai. Wa mbali zaidi ameshapanda basi.

"Yuko tayari?" akaniuliza.

"Yuko tayari kabisa."

Niliogopa, nasema wazi. Nikimwacha apande peke yake, kwenye kona ile hakutakuwa na mguu wa kuuzuia wake. Nikimwambia ukweli, namwambia mtu mzima, mama wa mke wangu, kwamba kutua kote alikojisifia kwa dada zake hakukuwa kwake. Na nikiahirisha bila kusema sababu, ataniuliza sababu. Nikalitazama lile shati mlangoni, nikaona kwamba nimejifunga mwenyewe kwa adabu zangu.

Kifundo kilipotulia nikamwambia, mama, leo tunapanda juu sana. Hakuuliza. Tulipanda mpaka nyumba zikawa ndogo na barabara kuu ikawa uzi. Nikamwambia, ile barabara ndiyo uwanja wetu, punguza mwendo, geuka kushoto uielekee, ufanye kila kitu unavyofanyaga. Kisha nikaitoa miguu yangu kwenye pedali, nikairudisha chini ya kiti, nikaumeza ulimi wangu.

Akageuka. Nikamwambia umechelewa, barabara inakupita. Mguu ule ukakandamiza. Kipira kikakimbia. Honi ya onyo ikalia, akavuta, na bawa la kushoto likaachia. Ndege ikajipindua, mbingu ikaondoka, tukawa tunaitazama ardhi ikizunguka mbele ya kioo. Ndege yetu imeruhusiwa kufanya hivyo, na mimi nimefanya mara nyingi. Nikaondoa nguvu ya injini, nikaweka usukani katikati, nikakandamiza pedali ya kulia mpaka mwisho, nikausukuma usukani mbele. Ikaacha kuzunguka. Nikainyanyua polepole, tukarudi kwenda sawa.

Mama mkwe alikuwa ameshika mifuko yake ya magotini kwa mikono miwili.

"Ni mimi nimefanya vile, au ni wewe?"

"Ni wewe, mama. Mguu wako wa kushoto. Ukiona umechelewa, unakandamiza."

"Leo tu?"

"Siku zote."

"Mbona siku zote hatukuanguka?"

"Mimi nilikuwa nazuia na wangu."

Akageuza uso akatazama nje, upande wake. "Kwa hiyo ile kona mimi sijawahi kuipiga."

"Hujawahi, mama."

"Na Jumamosi ungeniacha nipande."

Nikatazama kipimo cha mafuta kana kwamba ndicho kilichoulizwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mama mkwe wangu."

"Kumbe ulikuwa unaniua kwa heshima," akasema. Hakupaza sauti. Nadhani hapo ndipo nilipojua kwamba yupo mtu anayeweza kufoka kuliko mimi, tena bila kufoka. "Wale wengine unawafundishaje?"

"Nawafokea."

"Basi nifokee."

"Mama, siwezi."

"Nifokee, mkwe. Binti yangu niachie mimi. Haya, tunarudia."

Akapunguza mwendo, akageuka, mguu ukaanza.

"Mama, mguu," nikasema.

"Huko ndiko kufoka? Hata paka hatoki jikoni kwa sauti hiyo."

Mara iliyofuata kipira kilipokimbia, sijui niseme nini, vyote vikatoka kwa pamoja, miezi yote ile ya asali. Nilimwambia aondoe huo mguu kabla sijaufunga kamba, nikamwambia haya si makunjo ya suruali, nikamwambia kama ana haraka angepanda basi. Halafu nikanyamaza, nikiwa nimejifia kwa aibu. Nikamtazama pembeni. Alikuwa anatabasamu, na kipira kilikuwa katikati.

"Sasa ndiyo nimekusikia," akasema.

Usiku ule alikuja kula kwetu. Alipomaliza kunawa akamwambia mke wangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo mume wako amenifokea vizuri sana." Kijiko cha mke wangu kikasimama hewani. Akanitazama. "Mwache," mama mkwe akasema, "ndiyo dawa yangu hiyo. Na Jumamosi ninaisogeza wiki moja. Waambie mama zako wadogo, na aliyekwisha fika alale kwangu." Mke wangu akarudisha kijiko kwenye sahani, akaniongezea wali bila kuniuliza. Ndoa yangu ikaendelea.

Kuanzia hapo kabla ya kila kuruka, akishafunga mkanda, mama mkwe aliniambia neno moja: "Ondoa miguu, mkwe." Nami naikunja juu ya kiti, mtu mzima mimi, magoti yamenifika kidevuni, fundi wa injini amejishika mbavu kwenye mlango wa banda. Akapiga kona zake. Nyingine nzuri, nyingine za kunipasua koo.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kumfundisha kuacha. Mguu tulikuwa tumeutuliza, lakini uwanja ukimpita bado alitaka kuukimbiza. Nikamwambia, mama, uwanja ukikukimbia uache uende. Nyoosha mabawa, ongeza nguvu, panda, zunguka, uje tena. Hakupenda. Kwake yeye kurudia mbele za watu ni aibu. Mpaka siku moja, sauti imeshanikauka, nikamuuliza kwa upole tu:

"Mama, nguo ikienda kombo unafanyaje?"

"Nafumua."

"Hata mteja akiwa amesimama hapo?"

"Hata akiwa amesimama. Nguo ya kombo haitoki dukani kwangu."

"Basi fumua."

Akatikisa kichwa kukubali. Siku ile alifumua mara tatu, na kila mara alilisema hilo neno kwenye redio. Watu wa mnara wakazoea.

Jumamosi ikafika. Mama wadogo walipanga viti mbele ya banda, chupa za chai chini, mikoba mapajani. Mke wangu alikuwa amesimama, hataki kukaa. Mama mkwe akaja na shati lake jeupe, akazunguka ndege yote akiigusa, akapanda. Nikashuka mimi. Nikafunga mlango wa upande wangu, nikaona kile kiti changu kitupu.

"Mkwe," akasema dirishani, "leo huna pa kuiweka hiyo miguu."

Akaruka. Alivyopaa hata mimi ningejivunia. Nilienda kusimama peke yangu pembeni ya uwanja, kwenye nyasi, na redio ya mkononi. Akazunguka, akapita upande wa nyumba za watu, akaja. Nikatazama soksi ya upepo, ile aliyoishona mwenyewe, nikaona upepo umegeuka. Kwenye kona ya mwisho utakuwa nyuma yake, unamsukuma, sawasawa na siku ile ya kifundo.

Akaanza kugeuka. Amechelewa. Nikaona uwanja unampita, kidogo, halafu si kidogo tena. Nyuma yangu mama mdogo mmoja akasema, "Huyoo, anashuka," na wote wakaanza kupiga makofi. Redio iko mkononi mwangu na sikuibonyeza. Nikisema sasa, nilijiambia, yeye atakuwa hayuko peke yake. Nikisema sasa, ni mguu wangu tena. Nikaitazama pua tu. Pua ikianza kuburuzwa, nitapiga kelele wanisikie mpaka mjini.

Pua haikuburuzwa. Mabawa yakanyooka. Injini ikanguruma, ndege ikapita mbele yetu juu juu, ikaanza kupanda.

"Nafumua," ikasema redio.

Makofi yakakatika. Mama mdogo akauliza kimetokea nini, ameshindwa? Mke wangu, ambaye hajawahi kushika usukani wa ndege maishani mwake, akasema, "Hajashindwa. Amekataa nguo ya kombo." Sijui hilo alilitoa wapi; labda walikuwa wananisengenya jikoni wawili wao. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Kwa sababu alifumua, ilimbidi azunguke tena, na safari hii alizunguka kwa nafasi. Tulimwona amepita polepole juu ya mtaa wao, juu ya paa lake, ndege imelala kidogo kushoto ili aone vizuri. Redio ilikuwa kimya. Hakuna aliyemwita. Kisha akaja, akageuka mapema safari hii, akatua, akadunda mara moja, akatulia.

Dada zake walimfunika kwa vitenge na maswali. Alipochomoka akaja moja kwa moja kwangu kwenye nyasi. Yeye hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama chini, kwenye kiatu changu cha kulia. Nami nikatazama. Kisigino kilikuwa kimechimba nyasi mpaka udongo umetoka, shimo zima, na mguu ulikuwa bado umekaza.

Akaniwekea mkono begani.

"Ondoa miguu, mkwe," akasema. "Nimeshatua."